Kulala Mwanza kwa bei ya kati: wapi uchukue chumba, na wapi ulale usiku mmoja tu

Mwanza ina barabara kuu tatu zinazoingia katikati ya mji. Kenyatta inatoka kusini: Buhongwa, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni. Nyerere inatoka mashariki: Kisesa, Igoma, Nyakato, Mabatini. Makongoro inatoka kaskazini, uwanja wa ndege, inapita Pasiansi na Kirumba. Katikati yake ni vilima vya mawe upande mmoja na ziwa upande mwingine. Ukilala Pasiansi na semina yako iko Nyegezi, kila asubuhi utashuka mjini, utakaa foleni, halafu utaanza safari ya pili kutoka hapo. Njia za pembeni zipo, kama ile ya Usagara kwenda Kisesa, lakini ni za kuzungukia mbali na zinamfaa mwenye gari lake.

Ndiyo maana mgeni anayeniuliza hoteli namuuliza kwanza: unakuja kufanya nini? Wengi wanaanza na picha ya kitanda kwenye simu. Kitanda kizuri kipo kila upande wa mji huu. Tatizo ni saa moja na nusu asubuhi, uko kwenye daladala, umebanwa, na kikao kinaanza saa mbili.

Bei ya kati hapa ni chumba chenye choo na bafu ndani, maji ya moto, AC au walau feni ya maana, chandarua, na chai ya asubuhi, kwa takriban shilingi 50,000 hadi 130,000 kwa usiku. Chini ya hapo unaingia kwenye gesti, na nyingine ni safi tu. Juu ya hapo mara nyingi unalipia bwawa la kuogelea na jina.

Namba moja: katikati ya mji, upande wa kushukia ziwani

Kwa mtu ambaye shughuli zake hazijatulia sehemu moja, hapa pananishinda kupakosoa. Barabara zote tatu zinakutana hapa, kwa hiyo popote utakapoitwa unapanda daladala moja. Kivuko cha Kamanga kiko jirani, na Jiwe la Bismarck, lile la kwenye postikadi zote, unalifikia kwa miguu. Bandari ya Kaskazini, inakoondokea meli ya Bukoba, haiko mbali. Meli inaondoka usiku na kufika Bukoba asubuhi, kwa hiyo aliyelala mjini anaacha begi mapokezi, anazunguka mchana kutwa, kisha anakwenda bandarini bila presha. Mwenye mgonjwa Bugando naye hapa panamfaa: kilima cha hospitali ni mwendo mfupi wa bodaboda, na chakula cha kumpelekea mgonjwa unakipata saa yoyote.

Gold Crest na New Mwanza ndizo wengi wanazozijua hapa. Ulizia, kwa sababu bei ya simu na bei ya mtandaoni mara nyingi hazifanani. Lakini usiishie kwenye majina hayo mawili. Mitaa ya nyuma ina hoteli za ghorofa nne au tano, hazina sifa kubwa, na vyumba vyake vinatosha kabisa kwa mtu aliyekuja kikazi.

Ubaya wake ni kelele. Kuna adhana ya alfajiri, kuna baa za Ijumaa na Jumamosi, kuna honi za pikipiki zisizolala. Omba chumba cha ghorofa ya juu upande wa nyuma, na kabla hujashangilia ghorofa ya juu uliza kama lifti ipo na kama inafanya kazi.

Namba mbili: Isamilo

Isamilo ni kilimani, juu kidogo ya mji. Kuna upepo, kuna miti, na ukifungua dirisha asubuhi unaona mapaa ya mji na ziwa nyuma yake. Kwa familia, au mtu anayetaka kuandika ripoti yake kwa utulivu, ningeipa namba moja bila kusita. Kinachoishusha ni mlima wenyewe. Kushuka kwa miguu ni raha. Kupanda jioni na mifuko ni habari nyingine, na usiku utamtegemea bodaboda au bajaji kila unapotaka kutoka. Halafu uliza habari ya maji. Hoteli za vilimani zinaishi kwa matangi, na tangi dogo linakwisha watu wakioga kwa pamoja saa kumi na mbili asubuhi.

Namba tatu: Capri Point

Hapa najua nitabishiwa. Capri Point ndiyo sura nzuri ya Mwanza: rasi yenye mawe na nyumba za wenye nazo, pimbi wakiota jua juu ya miamba, na ziwa karibu pande zote. Hotel Tilapia iko huku, na ofisi ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane pia, ambako boti inakuvusha kwa dakika chache. Kisiwa kilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kwa mwenye watoto ni nusu siku isiyochosha.

Mbona basi ni ya tatu? Kwa sababu mtu wa bajeti ya kati huku analipia mandhari anayoyaona kwa saa moja tu. Asubuhi anatoka mapema, mchana yuko kazini, na saa moja na kitu jioni giza linaingia na ziwa halionekani tena. Mama lishe huku ni wa kutafuta, kwa hiyo kila mlo ni bei ya hoteli. Ushauri wangu: lala mjini, nenda Capri Point jioni. Fika saa kumi na moja, agiza sato mzima mapema maana jikoni hawana haraka, na muulize mhudumu kama ni wa kuvuliwa ziwani au wa kufugwa kwenye vizimba. Wote wanalika, ila bei na ladha vina tofauti yake, na mhudumu mzuri atakwambia ukweli.

Ukiamua kulala huku, au popote pale mwambao, yajue mawili. Kuna nyakati wadudu wadogo wa ziwani wanakuja kama wingu la moshi na kufuata taa. Hawaumi, lakini ukiacha dirisha wazi na taa imewaka utawafagia asubuhi. La pili, ogelea kwenye bwawa la hoteli, usiogelee ziwani. Kichocho kipo Ziwa Victoria, na maji kuonekana masafi hakumaanishi chochote.

Namba nne: Barabara ya Makongoro, Kirumba hadi Ilemela

Mwenye ndege ya alfajiri alale huku na asipoteze muda kusoma mengine. Uwanja wa ndege uko yapata kilomita 10 kutoka mjini. Pasiansi kuna hoteli za kawaida zenye maegesho, na ukiendelea ufukweni Ilemela kuna Malaika, ambayo ni ya harusi na mapumziko zaidi kuliko ya mtu wa semina. Kirumba kuna shangwe, chakula kingi na bei nafuu, ila uliza umbali kutoka soko la Mwaloni. Dagaa wanakaushwa na kupakiwa pale kwa magunia, na upepo ukigeuka harufu haigongi hodi. Siku Simba au Yanga wanacheza uwanja wa CCM Kirumba, vyumba vya upande huu vinaisha na bei inapanda bila aibu.

Namba tano, ambayo kwa watu wa Geita ni ya kwanza: Nyegezi hadi Buhongwa

Miaka michache nyuma aliyekuwa anakwenda Sengerema, Geita au Chato alipanga siku yake kwa kufuata kivuko cha Kigongo. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na hesabu ile imekufa. Sasa unalala Nyegezi, unanywa chai yako taratibu, unapitia Usagara na kuvuka juu ya maji bila kushuka garini. Stendi kuu ya mabasi ya kusini iko hapa hapa, na chuo cha SAUT kiko jirani, kwa hiyo mzazi anayemleta mwanafunzi hana sababu ya kulala mjini.

Hoteli za huku nyingi ni mpya, vyumba vipana, maegesho ya kutosha, na kwa pesa ile ile ya chumba kidogo cha mjini unapata kitanda cha sita kwa sita na kiti cha kukalia. Msimu wa mahafali weka nafasi mapema. Kwa mwenye shughuli mjini kila siku, foleni ya Mkuyuni itakula nafuu yote uliyoipata.

Barabara ya Nyerere, yaani Nyakato hadi Igoma, sina mengi ya kuisema. Ni ya anayekwenda Musoma, Makumbusho ya Bujora kule Kisesa, viwanja vya Nane Nane Nyamhongolo, au Serengeti kupitia lango la Ndabaka, yapata kilomita 140 kutoka mjini. Nje ya hapo sioni sababu.

Mbili zisizo kwenye orodha

Hosteli za makanisa. Watu wanazisahau, na mimi ningeziweka juu ya nusu ya hoteli nilizozitaja. Mashuka yanafuliwa kweli, chai ni ya maziwa, hakuna muziki. Geti linafungwa mapema, pombe hakuna, na wawili wasio na ndoa wataulizwa maswali. Kama hayo hayakusumbui, piga simu mapema kwa sababu vyumba ni vichache na makongamano huvichukua vyote.

Gesti za stendi. Kwa aliyeshushwa na basi saa tisa usiku, sawa, lala hadi kuche. Ukiona mapokezi wanakuuliza "unalala au unapumzika?", jua mlango wa jirani utafunguliwa na kufungwa usiku kucha.

Simu kabla ya safari

Usitume ujumbe, piga. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Habari za kazi, dada. Naulizia chumba, Alhamisi na Ijumaa."

"Nzuri, kaka. Vipo vya sabini na vya tisini."

"Tofauti yake ni nini?"

"Cha tisini kina AC, na kitanda ni sita kwa sita. Cha sabini ni feni, tano kwa sita."

"Dirisha la cha tisini linatazama wapi?"

Hapo kuna kimya kidogo. "Linatazama ukuta, kaka. Lakini kuna kimoja cha juu kinaona ziwa, mgeni wake anatoka Jumatano."

Swali la dirisha ndilo linaloleta chumba. Baada yake uliza kama chai ya asubuhi imo kwenye bei na ni ya watu wangapi, maana sehemu nyingine mtu wa pili analipiwa pembeni. Uliza kama umeme ukikatika jenereta inabeba na vyumba au inawasha taa za korido tu. Malizia kwa kuuliza punguzo la siku mbili au tatu, hakuna atakayekasirika.

Ukifika, chumba kwanza, pesa baadaye

Omba ufunguo ukione. Washa hita, fungua bomba la moto na uliache litiririke wakati unakagua mengine. Nyosha chandarua mbele ya taa utafute matundu. Angalia komeo la ndani. Kisha nusa. Majengo mengi Mwanza yameegemea jiwe, na chumba cha chini upande wa nyuma, wakati wa masika, kinanyonya unyevu hadi godoro linanuka. Ukiona rangi ya ukuta imevimba nyuma ya kitanda, omba kingine palepale, kabla hujajaza daftari la wageni na kabila lako, utokako na uendako.

Bei inatakiwa iwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei ya bidhaa au huduma kwa fedha za kigeni hapa nchini, kwa hiyo anayekutajia dola mwombe tu, kwa upole, akutajie shilingi. Kama umetumwa na ofisi, sema mapema unahitaji risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la ofisi na TIN yake, na uhakikishe bei uliyotajiwa imejumuisha VAT. Wapo wanaoikumbuka VAT mtu akishaomba risiti. Malipo ya lipa namba yanakubalika karibu kila mahali. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri: likiwa la mtu binafsi badala ya hoteli, uliza.

Saa ya kutoka ni saa nne asubuhi kwa hoteli nyingi za ngazi hii. Kama ndege yako ni ya jioni, omba usiku uliotangulia uongezewe hadi saa sita. Dada wa mapokezi wa usiku ana uwezo huo kama chumba hakijashikwa. Wa asubuhi ameshapewa orodha ya vyumba vya kusafishwa na atakwambia ulipe nusu siku.