Tranka la bodingi: chukueni la fundi pale Gerezani

Kwa wanaoandaa watoto kwenda kidato cha tano mwezi wa saba naomba niongelee tranka, lile sanduku la bati la kuwekea vitu, maana naona watu wanahangaika na godoro na ndoo na jembe, tranka linanunuliwa la mwisho kwa hela iliyobaki. Mi nimemchukulia mdogo angu juzi kwa mafundi wa bati mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, unashuka kituo cha mabasi ya mwendokasi unafuata kelele za nyundo tu, na kama uwezo upo achana na yale ya dukani yenye maua.

Ya dukani yanapendeza kweli ila bonyeza kwa dole gumba uone, bati linaingia ndani. Na bwenini tranka ndo kiti, ndo meza ya kupigia pasi, ndo ngazi ya kupandia dabodeka (kitanda cha ghorofa), sasa hilo litamaliza muhula? Fundi alinipa nishike geji 30 na geji 28 nikachukua 28, namba ikiwa ndogo ndo bati nene, wengi wanadhani kinyume chake. Alianza na 80,000 tukamalizana 65,000 na akapaka rangi mpaka ndani lisishike kutu. Tikisa mfuniko uone kama bawaba zimekaza, afu uende na kufuli lako ulijaribu palepale.

Nakomaa hivi kwa sababu nimesoma bodingi na sheria zilikuwa kali jamani. Kengele saa kumi na moja alfajiri, usafi, paredi, prepu (kujisomea) mpaka saa nne usiku, taa zikizimwa wakisikia unaongea kesho yake unadeki korido nzima. Simu marufuku, barua inafunguliwa kabla hujapewa, nywele tumekata wote, sare moja, shuka rangi moja. Chako peke yako ni tranka, na mtu akikupa funguo yake ya akiba ujue huyo keshakuwa besti yako. Mimi na wangu sukari ilikaa kwake, karanga na pilipili kwangu, jioni ya makande tunasogeza matranka yatazamane tunafungua mifuniko yote miwili tunakaa katikati, tunakula tunanong'ona hapo hadi tuone tochi ya matroni mlangoni.

Lake lilikuwa jepesi, mfuniko ukapinda, kufuli likawa halina kazi. Wakamwibia sabuni, wakarudi wakachukua na nauli ya likizo, yaani mtoto wa watu akawa hapati usingizi. Nikamwambia lete vitu vyako kwangu, tukatandika kanga moja katikati kugawa upande wake na wangu. Sasa sheria ilikuwa kila mtu na tranka lake, ukaguzi wa Jumamosi matroni akakuta majina mawili kwenye mfuniko mmoja, tukapewa kufyeka nyuma ya bwalo. Tukafyeka wote wawili, na vitu vikabaki humohumo mpaka tunamaliza shule, na hadi leo huyo ni ndugu yangu kabisa, ndo maana mdogo angu sikutaka aende na kitu cha kubahatisha.

Kasoro zipo. Fundi alisema njoo jioni nikalipata kesho yake mchana. Na zito sana, mwendokasi saa za jioni hupandi nalo, tafuta bajaji, na pale stendi ya Magufuli Mbezi elewana na konda hela ya mzigo kabla halijaingia kwenye buti. Saizi chukua ya kati, lile kubwa linaweza kukataa kuingia chini ya kitanda. Kufuli likija na funguo tatu moja ibaki nyumbani, mbili mpe mtoto.

Nendeni mapema tu, maana majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yakishatoka wazazi wanajaa pale na fundi hashuki bei hata umbembeleze vipi.