Kutambua nzi kwa picha ya simu: uzoefu wangu na iNaturalist hapa Tanga

Wanaoisifia iNaturalist, programu ya kutambua viumbe kwa picha, wengi huzungumzia ndege, maua na vipepeo. Mimi naitumia zaidi kwa nzi, kuanzia soko la samaki la Deep Sea hadi msitu wa Amani. Kwa wadudu hawa, jina linalotolewa na mashine papo hapo ni mwanzo tu. Kinachonifanya niipende ni watu wanaokuja baadaye kuikagua picha.

Unapakia picha pamoja na tarehe na mahali, programu inakupendekezea majina, kisha wajuzi wa nzi popote walipo duniani wanakubali au wanapinga. Zaidi ya theluthi mbili wakikubaliana juu ya spishi, picha hupanda hadi kiwango kinachoitwa cha utafiti na inaweza kuingia GBIF, hifadhidata inayotumiwa na wanasayansi. Hulipi kitu. Kama uko bondeni mto Zigi na mtandao hakuna, piga kwa kamera ya kawaida, utapakia ukishuka mjini. Ila mashine imejifunza kwa picha ambazo nyingi ni za Marekani na Ulaya, kwa hiyo angalia kama spishi inayopendekezwa imewahi kuonekana Afrika Mashariki kabla hujaikubali.

Nzi wana ugumu wao. Wengi hutofautishwa kwa mishipa ya bawa, vinyweleo vya kifuani, au viungo vya uzazi visivyoonekana bila hadubini. Ndiyo maana mjuzi mwaminifu mara nyingi huishia kwenye familia au jenasi, yaani kundi lenye spishi kadhaa, bila kutaja spishi yenyewe. Wapo wanaochukia kujibiwa hivyo. Mimi jibu la namna hiyo hunipa imani zaidi na huyo aliyelitoa.

Wengine hawana shida. Kwenye vivuli vya majimaji kando ya vijito vya Amani utawakuta nzi wa familia ya Diopsidae, ambao macho yao yako kwenye ncha za vijiti viwili vilivyotoka kichwani kulia na kushoto. Familia hiyo huwezi kuikosea. Yule anayeelea palepale mbele ya ua, ana milia ya njano na nyeusi kama nyigu, hesabu mabawa: nyigu ana manne, nzi ana mawili, na nyuma yake vijinundu viwili vya kumsaidia kuweka mizani.

Mbung'o naye anajulikana mapema. Akitulia, hulaza bawa moja juu ya jingine kama makasi yaliyofungwa, na mdomo wake umenyooka mbele. Kujua ni mbung'o yupi ndiyo kazi, kwa sababu pengine inabidi kuona rangi ya ncha za miguu, ambazo picha ya juu huzificha. Na spishi ina uzito wake. Unguja ilitangazwa kuwa huru na mbung'o mwaka 1997 baada ya madume waliofugwa hapa hapa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi kurushwa kwa ndege. Mpango ule uliwezekana kwa kuwa kisiwani kulikuwa na aina moja tu, Glossina austeni. Kazi ya dume tasa ni kupanda majike wa aina yake ili wasizae, kwa hiyo wa aina nyingine asingefaa kitu.

Shangazi yangu wa Muheza, mwenye miembe, alipoona nahangaika na simu aliniuliza, "Mwanangu, nzi nao wana majina?" Nikamwonyesha wawili waliotua kwenye embe moja. Mmoja mabawa yake yana mabaka na michirizi, huyo ni wa Ceratitis, jenasi ya nzi wa matunda. Mwenzake mabawa yake ni maangavu, kifuani ana mistari miwili ya njano na tumboni alama nyeusi mfano wa herufi T. Hizo ni dalili za Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Wataalamu walimwita Bactrocera invadens mwaka 2005, na mwaka 2015 wakamrudisha kwenye jina la dorsalis, kwa hiyo usishangae ukikuta majina yote mawili. Tangu siku hiyo shangazi hunipigia simu akiona nzi asiyemfahamu.

Picha moja haitoshi. Mimi hupiga ya juu, ya ubavuni na ya usoni, na bawa lazima lionekane lote. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawaka, nzi wamepoa na hukubali kusogelewa. Lenzi ndogo ya kubandika kwenye simu inasaidia sana.

Picha za funza aliye ndani ya tunda sizipakii peke yake, kwa kuwa ni vigumu mno mtu kukupa spishi kwa funza. Chukua embe lililoharibika, liweke kwenye chombo chenye mchanga mkavu kidogo, funika kwa kitambaa chepesi, subiri. Funza atajichimbia mchangani awe pupa, hatua ya kati kabla ya kuwa nzi, na nzi atakayetoka mwache siku mbili tatu rangi zake zikolee, ndipo umpige picha.