Pilipili ya banda la Mama Mkapa

Mimi nauza chakula Mtoni: wali maharage, samaki wa kukaanga, ugali mchana. Kwangu pilipili ni mtaji. Mteja akila mara mbili pilipili isiyo na ladha, siku ya tatu utamwona amekaa kwa jirani. Ndiyo maana kila ikifika Sabasaba nilikuwa nachagua siku ya katikati ya wiki, kabla watu hawajafurika, nafunga saa nane na kupanda daladala kwenda viwanjani Barabara ya Kilwa.

Aliyenielekeza ni wifi yangu. "Wifi, acha kuzunguka kwenye mafriji ambayo hununui. Nenda banda la Mama Mkapa." Watu ndivyo walivyoliita. Jina lenyewe ni Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote, EOTF, ulioanzishwa mwaka 1997 na Mama Anna Mkapa, mumewe akiwa na miaka miwili tu Ikulu. Kinamama wajasiriamali kutoka mikoani waliwekwa kwanza darasani siku kadhaa, wakafundishwa vifungashio, kutunza hesabu na kuongea na mteja, ndipo wakaja kupanga bidhaa zao mezani.

Darasa hilo linaonekana kwenye chupa, na hapa naomba mnivumilie maana ndiyo kazi yangu. Sokoni tumezoea pilipili ya kusaga iliyotiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, lebo ya zamani haijabanduka hata. Ile niliyonunua pale, pilipili mbuzi na embe bichi, ilikuwa kwenye chupa ya kioo, mfuniko umefungwa kwa sili ya plastiki, lebo ina tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuisha muda, uzito, na mkoa ilikotoka. Mama aliyeniuzia alinipa kijiko nionje kabla sijauliza bei. Shilingi 3,000. Ukali wake hauji haraka. Embe linatangulia, unajiona umeiweza, halafu kisogo kinaanza kutoa jasho. Nilichukua nne. Wateja wangu walizimaliza kwa siku tisa na fundi mmoja wa pikipiki akawa anaulizia "ile ya embe" mpaka Oktoba.

Siagi ya karanga, 5,000: nzuri, haina sukari, ila mafuta yanapanda juu, lazima ukoroge kila ukitaka kutumia. Sabuni ya mwani sikuona ajabu yake. Batiki ya bluu na kahawia, 25,000, nimeifua mpaka basi na rangi haijatoka. Nilimwuliza muuzaji siri yake akacheka tu.

Achari ya ndimu ndiyo ilinitia hasara. Mwaka uliofuata nilinunua chupa sita kwa mama mwingine, meza ya pembeni, nikiamini zote ziko sawa. Kufika nyumbani mbili zimevuja kwenye mkoba, daftari langu la madeni limelowa, na madeni ya watu watatu hayasomeki hadi leo. Wadeni wenyewe nao ghafla hawakumbuki. Nilipiga namba iliyokuwa kwenye lebo: haipatikani. Wiki nzima haipatikani. Simlaumu aliyemfundisha, wanafunzi wa darasa moja hawafanani. Lakini mwenzangu unayeuza, namba ya simu kwenye lebo ni ahadi.

Na hapo ndipo nilipokuwa nachoka. Julai maonyesho yakifungwa, ile pilipili ya embe nayo imeondoka na mwenyewe kwenda kwao. Dukani haipo, sokoni haipo, mpaka mwaka mwingine. Kumfundisha mtu kufunga bidhaa ni nusu ya safari. Rafu ya dukani ina wenyewe, na mama wa chupa arobaini hawezi kusubiri siku sitini ndipo duka limlipe.

Hata hivyo nilichompendea Mama Mkapa ni kimoja. Mzee Mkapa alimaliza muda wake mwaka 2005, na banda liliendelea kuja. Wake wa wakubwa tumewaona wengi wakikabidhi vyandarua mbele ya kamera. Kushughulika na vifuniko na lebo wakati king'ora hakikutangulii tena barabarani kunataka moyo. Mwenyewe sijawahi hata kumpa mkono. Aliyemfuata Ikulu, Mama Salma Kikwete, alishika elimu ya wasichana kupitia taasisi yake ya WAMA, Wanawake na Maendeleo, wakaanzisha shule kule Nyamisati, wakati huo Rufiji, sasa Kibiti. Hilo nawaachia wazazi waliopeleka watoto walieleze.

Bibi yangu mimi, ukimtajia mambo haya, alikuwa anakurudisha enzi za kudai uhuru. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 mshahara ulikatika, na mkewe, Mama Maria, akafungua kiduka, akawa anauza mafuta ya taa. Bibi alikuwa akilisimulia hilo kama mtu anayemsema shoga yake wa mtaani, anamaliza kwa kuniuliza, "Na wewe leo umeuza sahani ngapi?"

Nikipanga: pilipili ya embe nyota tano, batiki tano, siagi tatu na nusu, sabuni mbili, achari sifuri, na mwenye achari akisoma hapa ajue namtafuta. Chupa za kioo sikuzitupa. Moja naweka iliki, moja hina ya binti yangu. Ya tatu bado ina lebo yake, na juzi nimeipeleka kwa dada anayesaga pilipili hapa sokoni Temeke, nikamwambia aisome vizuri ile ya embe. Amesema akipata vifuniko vyenye sili atajaribu. Vinauzwa Kariakoo, ila kwa kuanzia mia, na yeye anataka ishirini.