Wazee wa Glasgow na gitaa linalolia kama kengele: nimesikiliza CD hii mara 11

Haya, assalaam aleikum, habari za saa hizi, karibuni tena hapa kwetu Makorora, Tanga. Mkisikia pikipiki huko nyuma ni vijana wa bodaboda wako kijiweni kwao. Dirisha sifungi, joto la leo si la mchezo.

Leo sina simu ya kuchambua, sina spika wala chaja. Nina hii. Naisogeza karibu, muione. CD! Bendi ya Teenage Fanclub, albamu inaitwa Nothing Lasts Forever, yaani hakuna kinachodumu milele. Imetoka Septemba 2023, najua, lakini mkononi mwangu imefika juzi, kwa hiyo kwangu ni mpya na nina furaha nayo kama mtoto wa sikukuu.

Historia ya bendi sitaiingia sana. Norman Blake, Raymond McGinley, watu wa Scotland, pande za Glasgow, wako pamoja tangu 1989. Usiyewajua simamisha video, katafute, urudi, nakusubiri. Ila moja lazima niliseme, maana linanifurahisha kila nikilikumbuka: mwaka 1991 jarida la Spin la Marekani liliichagua albamu yao Bandwagonesque kuwa albamu bora ya mwaka. Mwaka uleule bendi ya Nirvana ilitoa albamu yao maarufu, Nevermind! Wakawekwa mbele ya Nevermind. Basi watu hao hao, wakiwa wanakaribia miaka 60, ndio wameingia studio ya Rockfield huko Wales, studio iliyo shambani, unarekodi na kulala hapohapo, wakatoka na nyimbo 10.

Sasa gitaa. Hapa ndipo ninapotaka tukae, na aliye na haraka atanisamehe.

Ngoja nishushe kamera. Mnaona mkono wangu wa kushoto? Hii ni kodi ya D, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Vidole vitatu tu. Nikipiga kwa mkupuo mmoja, sikiliza... ni kodi ya kawaida, kila mwanafunzi wa gitaa anayo. Sasa siipigi kwa mkupuo, nachambua uzi mmoja mmoja, na wala sizimi. Naziacha zilie. Uzi wa nne, wa tatu, wa pili, wa kwanza. Umesikia? Wa nne bado unalia wakati wa kwanza unaingia. Kidole cha kati kiko uzi wa kwanza, nafasi ya pili ya shingo ya gitaa. Nakitoa. Uzi unalia mtupu. Nakirudisha. Halafu kidole kidogo nakiweka nafasi ya tatu, uzi huohuo. Nakitoa. Mkono haujahama, kodi ni ileile, lakini juu yake kuna kengele inatembea. Rudia: kati, mtupu, kati, kidogo, kati. Hiyo ndiyo sauti! Tangu bendi ya The Byrds ya Marekani na gitaa lao la nyuzi 12 mwaka 1965, watu wanaifuata sauti hiyo, na hawa wazee wanaijua kama njia ya kwenda kwao.

Gitaa la nyuzi 12, kwa faida ya wageni, nyuzi zake zimepangwa mbilimbili. Jozi nne za chini, kila uzi mnene una mwenzake mwembamba wa sauti ileile ila ya juu zaidi. Jozi mbili za mwisho ni mapacha. Ukigusa mara moja umegusa mbili, na hazilingani kabisa kabisa, zinapishana kidogo sana. Kule kupishana ndiko kunakong'aa.

Na sasa niwaambie kwa nini jambo hili limenikamata mimi, mtu wa Tanga. Sisi ni watu wa magitaa. Bendi ya Atomic Jazz walikuwa hapa. Jamhuri Jazz walikuwa hapa. Akina Kinyonga walipiga Jamhuri kabla hawajafika Nairobi na kuwa bendi ya Simba Wanyika. Hata taarabu yetu, Black Star walipoipa magitaa ya umeme ilibadilika ikawa kitu kingine kabisa. Lakini kwetu gitaa la rhythm, lile linaloshika mdundo, linakatwa. Sikiliza, nawapigia... tik-tiki-tik, noti fupi, kiganja kinazima, unarudia duara lako hata robo saa huchoki, na mpiga solo anapita juu yako. Omar Shabani wa Les Wanyika alikuwa bingwa wa hilo. Wale wa Glasgow hawakati, wanaachia. Njia mbili tofauti, kazi moja: magitaa mawili yasigombane. Huyu akijaza hapa, yule aache nafasi.

Nilimwekea CD hii baba mkubwa, aliyeshika rhythm ujanani mwake. Nikamwambia, "Shikamoo baba, sikiliza hii." Akakaa kimya nyimbo mbili nzima, mkono uko gotini unahesabu. Kisha akasema, "Hawa wanasikilizana." Akaniomba niurudishe wimbo wa tatu.

Wa tatu ni I Left a Light On. Nimeacha taa inawaka. Na hapa tuingie kwenye sauti. Mpwa wangu, hebu njoo. Njoo tu, wameshakuona.

"Mjomba, niimbe nini?"

Mimi naimba do, re, mi. Wewe anza juu yangu, mi, fa, sol. Pamoja... Mnaona? Tunatembea sambamba kama reli ya Tanga, hakuna anayemkaribia mwenzake. Waliopita kwaya mnajua, hii ni sauti ya kwanza na ya pili, somo la siku ya kwanza. Sasa mpwa, ukifika sol, baki hapohapo, usiondoke. Mimi nashuka. Mi, re, do... Ah! Umesikia pale ilipofunguka? Wewe hukufanya chochote, ulisimama tu, mimi nikashuka, na nafasi kati yetu ikawa kubwa ghafla. Hapo ndipo kifua kinajaa. Asante mama, usiende mbali.

Kwa miaka mingi bendi hii ilikuwa na watunzi watatu wanaoimba. Wa tatu, Gerard Love, aliondoka 2018, na mimi niliogopa sana. Nilisema basi, kiti cha miguu mitatu kimebaki na miwili. Sasa wana Euros Childs kwenye kinanda, mtu wa Wales, naye anaitikia. Haigi sauti ya Love. Amekaa nyuma kidogo, laini, kama tui linalomaliziwa mwishoni. Nyimbo za Love bado nazikosa, sitawadanganya, mdundo wake ulikuwa na uchangamfu ambao hapa haupo.

Na hilo ndilo lalamiko langu. Kuanzia wimbo wa nne hadi wa saba mwendo ni ule ule. Ngoma haikimbii, haisimami. Mara ya kwanza nilishindwa kujua wimbo gani umeisha na upi umeanza. Mara ya sita nikaanza kuzitofautisha. Kuna chaneli zinachambua albamu usiku uleule inapotoka, na zinapata watazamaji wengi kuliko mimi, lakini ningefanya hivyo na hii ningewapa hukumu ya uongo.

Wa mwisho, I Will Love You, una kama dakika saba. Siku ya kwanza niliuruka. Unajizungusha, unajizungusha, nikaona wamekosa pa kutokea. Jana usiku umeme ulikatika, nikausikiliza gizani kwa betri mpaka mwisho, na nikauona ni bora kuliko zote. Leo asubuhi nimeurudia... bado naona wangepunguza dakika mbili. Sijui, nitawaambia wiki ijayo nimesimama wapi.

Mtu ataniuliza bei. CD hii mpaka kunifikia imenigharimu shilingi 48,000, na kasha lilifika limevunjika bawaba, tazameni hapa. Waliosafirisha wakaniambia si kosa lao. Imeniuma, kwa sababu kasha ni sehemu ya kitu nilichonunua. CD yenyewe iko salama. Huna hela hiyo, tumia bando, nyimbo ziko kwenye programu za muziki. Ila nakuomba, usizisikilize kwa spika ya simu! Spika ile inakula sauti ya chini, na zile sauti za pili huzisikii vizuri. Earphone za elfu tano za pale Ngamiani zinatosha. Vaa zote mbili, si moja.

Tangazo dogo: Ijumaa ijayo ni Simba Wanyika, mmeniomba muda mrefu, na baba mkubwa amekubali kukaa mbele ya kamera na gitaa lake. Wenye maswali ya rhythm yaandikeni hapo chini, nitamsomea.

"Mjomba, turudie ile ya kubaki?"

Turudie. Safari hii mimi nabaki chini, wewe ndiye unayeondoka. Panda taratibu, usinisubiri. Haya, moja, mbili...