Huduma ya Kuwaunganisha Wanafunzi na Wanasayansi: Tathmini ya Mwalimu Aliyeitumia

Kwa mwaka mzima nimefuatilia kwa karibu huduma moja ya mtandaoni inayomkutanisha mwanafunzi asiye na maabara na mwanasayansi wa kumlea kitaaluma. Niliyemwandikisha ni binti aliyependa fizikia, lakini hakuwa na vifaa, wala simu yake mwenyewe, wala ndugu aliyewahi kukanyaga chuo kikuu.

Nianze na kasoro, maana nusura zimkatishe tamaa. Fomu ya maombi inadai kompyuta yenye kamera, sharti linalowafungia mlango walewale ambao huduma inasema ipo kwa ajili yao. Tulipovuka hapo, mlezi wa kwanza alijibu barua pepe mbili akatoweka, na binti akalazimika kuiandikia ofisi yao mara nne ndipo akapangiwa mwingine. Baada ya barua ya tatu nilimshauri aachane nao. Yeye ndiye aliyekataa.

Mlezi wa pili ndiye anayenifanya niipendekeze huduma hii. Kazi ya kwanza aliyompa ilikuwa kufunga jiwe kwenye uzi wa sentimita 50, kuliacha libembee, na kutafuta mchapuko wa uvutano wa dunia, yaani kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde, kwa kutumia saa ya simu niliyomwazima. Alimwelekeza apime muda wa mabembeo 20 kisha agawanye, kwa sababu kidole huchelewa kubonyeza mwanzoni na mwishoni tu, na kosa hilo likigawanywa kwa 20 hubaki dogo sana. Binti akapata mita 9.1 kwa sekunde kwa sekunde badala ya 9.8. Akarudia jioni tatu mfululizo, jibu likawa lilelile. Mlezi angeweza kumtajia kosa kwa sentensi moja. Alichofanya ni kumwomba achore kifaa chake, kisha akamuuliza urefu anaoupima unaishia wapi.

Nakiri kwamba mimi ningempa jibu, maana kipindi ni kifupi na darasa limejaa. Siku mbili baadaye alinijia na grafu. Alikuwa amepima nyuzi za urefu mbalimbali na kuchora mraba wa muda wa bembeo moja dhidi ya urefu wa uzi; mstari ulinyooka vizuri, ila haukupita kwenye sifuri, ulikuwa umesogea pembeni kwa sentimita 4. Hizo sentimita 4 ni umbali kutoka kwenye fundo la uzi hadi katikati ya jiwe, ambao hakuwa ameuhesabu.

Yote hayo yamo kwenye daftari, na huduma inasisitiza daftari hilo kuliko mitihani. Ni njia ya zamani. Michael Faraday, aliyekuja kuwa mwanasayansi mashuhuri wa umeme na sumaku, alikuwa mtoto wa mhunzi, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu jijini London; alisikiliza mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy mwaka 1812, akayajalidi maelezo aliyoyaandika na kumpelekea. Davy alimpokea vizuri lakini hakuwa na kazi ya kumpa. Nafasi ilipopatikana mwaka 1813 akamchukua kuwa msaidizi wa maabara. Davy huyohuyo, mwaka 1824, alipinga Faraday kuchaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Nalitaja hilo kwa sababu huduma hii haina njia ya mwanafunzi kumlalamikia mlezi bila mlezi kuyasoma malalamiko, ilhali barua ya mapendekezo imo mikononi mwa mtu huyo mmoja.

Binti sasa anasoma mwaka wa kwanza wa fizikia chuoni. Barua ya mlezi ilisaidia, ingawa kwenye usaili waliulizia zaidi ile grafu.

Kwa mwalimu anayetaka kumwandikisha mwanafunzi wake: tulipoomba kutuma picha za kurasa za daftari kwa simu, sharti la kompyuta yenye kamera walituondolea bila ubishi, japo fomu yao hadi leo haijabadilika.