Duka la rangi Mwanakwerekwe lililotaka kwanza kuliona kochi langu

Mimi ni mshoni wa mapazia na nguo za kike, nakaa Fuoni, hapa Unguja, na cherehani huu ni mwaka wangu wa 22. Nalisema hili mwanzo ili mjue aibu yangu ina ukubwa gani. Sinunui kibonge cha uzi mpaka nitoke nacho nje ya mlango wa duka nikilinganishe na kitambaa juani. Lakini rangi ya ukumbi mzima nilikwenda kuichagua kwa kijikadi cha ukubwa wa kiberiti, chini ya taa ya dukani, nikalipa, nikapakia kwenye bajaji, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Duka hilo la kwanza silitaji. Na hili la pili ninalolisifu pia sitolitaja, maana yako jirani mno. Nikikwambieni moja mtalijua na jengine.

Mwaka jana tulibadilisha makochi. Ya zamani yalikuwa damu ya mzee yenye maua ya dhahabu, na kwa makochi yale ukuta ulikuwa hauna kauli, hata ungeupaka nini watu wangeyaona wao kwanza. Mapya ni ya kijivu cha mchanga wa pwani uliorowa. Zulia la rangi ya maziwa, meza ya mbao iliyopigwa vanishi tu. Kitu pekee chenye makeke humo ndani ni sanduku la njumu la bibi yangu, na shaba yake. Kila aliyekuja kuyatazama makochi alinambia maneno yaleyale: rangi hii haina ugomvi, inakwenda na ukuta wowote. Nikaamini. Nikachagua kijivu cha ukutani kinachofanana na kijivu cha kochi, ndivyo nilivyodhani, na fundi akapaka mikono miwili, yaani mara mbili, katika wiki ya mwisho ya Shaaban ili Ramadhani itukute tu safi.

Usiku tukarejesha vitu, tukawasha taa. Ukuta ulikuwa zambarau. Si zambarau ya kutangaza. Ilikuwa ile ya maji ya mwisho unaposuuza kanga mpya. Na makochi, masikini, yaliyokuwa mazuri asubuhi yake, yalionekana kama yamekaa wiki nzima kwenye vumbi la saruji. Mwanangu wa kike akasimama mlangoni akasema, "Mama, hii wodi." Mume wangu hakusema kitu, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Nilirudi dukani. Wakanambia rangi ikishachanganywa hairudi, na katika hilo siwalaumu, nani mwengine atainunua? Ninalowalaumu ni kuwa siku ya kwanza hakuna aliyeniuliza hata neno moja. Muuzaji alinisukumia kadi, akarudi kwenye simu yake.

Duka la pili nililiingia na hasira ya la kwanza. Kijana wa kwenye mashine ya kuchanganyia rangi akaniamkia vizuri, akauliza, "Mama, ukumbi wako unatazama wapi?"

"Unatazama kwangu," nikamjibu.

Akacheka. "Madirisha, mama." Nikamwambia yote mawili yako magharibi. Akauliza taa. Tyubu nyeupe, nikasema, kama za watu wote. Akauliza makochi. Kijivu. "Kijivu kipi?" Hapo nikataka kuondoka. Akanambia niende nyumbani, nivue foronya moja ya mto wa kochi, nirudi nayo kesho asubuhi, na kama rangi ya zamani imebaki nije na kifuniko cha kopo lake.

Siku ya pili alifanya kile ninachokifanya mimi kila siku na uzi: alitoka nje. Akaweka foronya juu ya karatasi nyeupe ya printa, na kifuniko pembeni. Juu ya weupe ule kila kimoja kikajitaja. Foronya ilikuwa inavuta kwenye manjano, na ndani yake mna ukijani kidogo kama wa chewa aliyekauka. Kifuniko kilivuta buluu na wekundu. Vyote viwili vinaitwa kijivu, na ni watu wa kabila mbili.

Wanawake wenzangu hili mnalijua kwa mabuibui. Umevaa buibui jeusi, umechukua mtandio mweusi, umetoka mbio, umefika arusini chini ya taa mwenzio anakwambia mtandio una wekundu. Weusi hauko mmoja. Basi na kijivu hakiko kimoja, na maziwa hayako mamoja, na hizo rangi tunazoambiwa hazina ugomvi ndizo zenye ugomvi wa chini kwa chini. Kochi jekundu linagombana waziwazi, unaliona dukani. La kijivu linakungoja usiku.

Kijana alinieleza na sababu. Mashine yao inaanza na rangi nyeupe ya msingi, kisha inatia matone ya wino: nyeusi, manjano ya udongo, nyekundu, kijani na kadhalika. Nyeupe ikitiwa nyeusi peke yake hutoa kijivu kinachovuta buluu. Ukitaka kijivu cha mchanga lazima manjano yaingie. Na taa zetu zinazidisha: sanduku la balbu huandikwa namba, zile nyeupe za baridi ni 6500 na herufi K, zile za mwanga wa njano ni 2700 au 3000. Chini ya 6500 kila chenye buluu hujitokeza. Tyubu yangu ilikuwa 6500, nilikwenda kulitafuta sanduku lake uvunguni.

Hakuniuzia rangi siku ile. Aliniuzia sampuli tatu, na hapa ndipo penye lawama yangu ya kwanza kwa duka hili: hawana vikopo vidogo, kopo dogo kabisa wanalochanganya ni la lita 1. Kwa sampuli tatu nililipa shilingi 42,000, nikatoka nanung'unika. Akanambia nisipake ukutani juu ya zambarau, itanidanganya. Nipake vipande vya hadibodi, mikono miwili, nikaushe, kwa sababu rangi ya maji ikikauka huwa nzito kuliko unavyoiona kwenye kopo. Kisha nivisimamishe nyuma ya kochi na nivihamishe kila upande.

Siku tatu ukumbi wangu ulikuwa kama duka la seremala. Kipande cha kwanza kilikuwa cha maziwa yenye joto, rangi ya tui la mkamuo wa kwanza, na asubuhi nilikipenda mno nikawa nishamwambia mume wangu basi, tumemaliza. Baada ya Alasiri jua la magharibi likaingia. Tui likageuka bizari. Kwa nyumba ya madirisha ya mashariki pengine ingekuwa rangi nzuri kabisa, lakini kwangu mimi ukumbi unatumika jioni, wageni wanakuja jioni, na jioni ukuta ulikuwa unapika pilau. Cha pili kilikuwa rangi ya udongo wa chungu. Kilipendeza na sanduku la bibi hata nikapata tamaa, kwa sababu shaba na udongo ni ndugu. Lakini kila nilipokisogeza ikaonekana dari imeshuka. Ukumbi wangu ni mita 5 kwa 4, si kasri.

Cha tatu sikukitaka, nilikichukua kwa kumridhisha kijana. Ni kijani kilichokufa, kijani cha mchaichai uliokaushwa, kina kijivu ndani. Kwenye kopo kilikuwa kibaya. Nyuma ya kochi kikatulia. Asubuhi kinaonekana kijivu, Alasiri jua la njano linakiamsha kinakuwa kijani kweli, usiku kinarudi kulala. Na makochi yakaonekana yana rangi! Ule ukijani wa chini uliokuwamo kwenye kitambaa ukapata mwenzake. Mwanangu akauliza kama nimeyafua.

Niliporudi kuagiza nikasema naona kizito kwa kuta zote nne. Akanambia mashine inaweza kuchanganya fomula ileile kwa nusu ya wino, ikatoka nyepesi bila kubadilika ukoo. Hilo sikuwa nalijua. Ukuta wa nyuma ya kochi kubwa tukaweka kamili, tatu zilizobaki nusu, dari nyeupe.

Fundi wangu alikuwa ameshanambia ninunue ndoo ya lita 20. Kijana akachukua kalamu: kuzunguka chumba mita 18, kwenda juu mita 3, hizo 54 za mraba, toa milango na madirisha, zinabaki kama 46, mikono miwili 92, lita moja kwenye ukuta laini hufunika kama mita 10. Makopo matatu ya lita 4 yanatosha na kubaki ya kiraka. Yalitosha na kubaki. Fundi hakufurahi, na mimi sikumuuliza kwa nini.

Nilimtaka pia rangi ya kumpelekea mama, yeye anakaa Mji Mkongwe kwenye nyumba ya mawe na chokaa, kuta zake zinabambuka kila mwaka. Alinikatalia. Akasema kuta za chokaa zinavuta unyevu na kuutoa, ukizifunga kwa rangi hizi za plastiki maji yanakosa njia, yanaisukuma rangi mpaka ivimbe. Nimtafutie mama fundi wa chokaa. Muuzaji aliyekataa pesa yangu sijamwona mwengine tangu nizaliwe.

Sasa mabaya yao, maana yapo. Mashine ni moja. Siku ya kuagiza umeme ulikatika, jenereta ikagoma, nikakaa saa nzima na nusu juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa kuwa viti hakuna. Adhuhuri wanafunga wote kwenda kusali, ambayo ni haki yao, ila andikeni mlangoni, watu wanatoka mbali. Na nilipouliza rangi ing'ae au ising'ae, kijana alikuwa kashachoka, akanambia kwa nyumba yenye watoto chukua inayong'aa kidogo, ile mafundi wanayoiita silki, inafutika. Kweli inafutika, wajukuu wa jirani wamenijaribia kwa mikono ya embe na kitambaa cha maji kimetosha. Lakini hakunambia kuwa mng'ao huonyesha kila kasoro ya plasta. Jua likiingia kwa ubavu, ukuta wa pembeni mwa dirisha unaonyesha mabonde yote aliyoyaacha mwashi wetu zamani. Ningelijua, ningempa fundi pesa ya skimu, ile plasta laini ya kusawazishia ukuta, na msasa kwanza.

Nyota nne nawapa, kwa sababu ya ule mguu wa kutoka mlangoni na foronya yangu. Ukienda, nenda asubuhi katikati ya wiki, na stika ya fomula ilioko kwenye kifuniko ipige picha kabla haijachafuka. Zangu mbili nimezibandika ndani ya mtoto wa meza ya cherehani.

Kazi bado haijakwisha. Ukuta unaopakana na choo una kiraka kimoja karibu na sakafu kinachotoa chumvi nyeupe, na nilipompelekea kijana picha alisema nisikiguse kwa rangi yoyote. Nizibe kwanza bomba linalovuja, niuache ukuta ukauke, chumvi niipigie brashi kavu bila ya maji, ndipo nipake praima, ile rangi ya kutangulia. Bomba limezibwa. Masika yameingia, ukuta haukauki. Kwa sasa sanduku la bibi tumelisogeza pale mbele yake, na wageni wote wanasema ndipo mahali pake hasa.