Nimelipia tovuti ya kukadiria nafasi ya kudahiliwa vyuo vya wanawake Marekani: uzoefu wangu

Mpwa wangu alipata A ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, na moyo wake uko kwenye vyuo vya wanawake vya Marekani: Smith, Mount Holyoke, Bryn Mawr, na Barnard, Mungu akijalia. Wanaomuuliza kwa nini chuo cha wasichana watupu huwajibu kwamba Wangari Maathai naye alianzia Mount St. Scholastica, chuo cha wanawake kule Kansas, mwaka 1960. Mimi shangazi yake nikaingia gharama ya tovuti moja inayokadiria nafasi ya mwombaji. Jina nitalihifadhi.

Kujisajili hakuna shida. Unajaza alama, SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani) na shughuli za nje ya darasa, kisha kila chuo kinapewa asilimia yake. Ila kisanduku cha alama kinapokea GPA, wastani wa alama wa Kimarekani, wa 0 hadi 4 basi, KCSE haina pa kuingia. Tukaweka 4.0. Smith ikatokea kwa rangi ya kijani, asilimia 58, na mtoto akaruka: "Shangazi, nimeingia!"

Nikamwambia asubiri kidogo. Nikabadilisha uraia, kutoka Marekani kuwa Kenya. 58. Nikajaza kwamba familia inahitaji msaada wa karibu karo yote. 58 ile ile.

Hapo ndipo imani yangu ilipokwisha, kwa sababu kwa mtoto wa Kenya pesa ndiyo inayoamua mengi. Wellesley, chuo kingine cha wanawake, kwa mfano, humpima Mmarekani bila kutazama mfuko wa wazazi wake, lakini mwombaji wa kigeni anayetaka msaada hugombea fungu lenye kikomo. Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo hivi inapita dola 80,000. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa tajiri wakiwa na alama sawasawa, kamati haiwaoni sawa. Tovuti inawapa namba moja.

Kingine: Smith hupokea takriban mwombaji mmoja kati ya watano, Barnard chini ya mmoja kati ya kumi. Msidanganyike kwamba Smith ni mteremko, kwani wasichana wanaoomba vyuo hivi wamekwisha kujichuja wenyewe, hakuna msururu wa watu wanaobahatisha jina kubwa.

Kilichotufaa zaidi ni cha bure. Vyuo hivi hutoa kila mwaka hati iitwayo Common Data Set. Nenda sehemu ya C7 uone chuo kinatilia uzito nini: masomo, insha, barua za walimu. Kisha H6, inayoonyesha wanafunzi wa kigeni wangapi walipata msaada na kwa wastani wa kiasi gani. Tulikaa na kalamu, tukagawanya, tukalinganisha chuo kwa chuo, na orodha yake ikabadilika jioni ileile. Mount Holyoke ikapanda juu: haijalazimisha SAT tangu 2001, na ina tuzo za ufaulu ambazo hata wa kigeni hupewa. Barnard imebaki kwa kuwa anaipenda, na ana haki ya kujaribu. Maombi ya mapema yanayomfunga mtu kwenda chuo hicho akikubaliwa tumeyaacha, tunataka kulinganisha barua za msaada kwanza.

Wazazi wa kidato cha nne wajue pia kwamba matokeo ya KCSE hutoka wakati mlango wa maombi unakaribia kufungwa, ndiyo maana wengi husubiri mwaka unaofuata. Hilo tovuti haikulijua kabisa.

Naipa nyota 2 kati ya 5. Kalenda yake ya tarehe za mwisho ni nzuri kweli, na nilipoomba kusitisha malipo walisitisha bila kunizungusha. Anayesoma shule ya Marekani na mwenye uwezo wa kulipa huenda ikamfaa. Binti wa huku anayetegemea msaada, zile asilimia asizitumie kuchagua wala kuacha chuo chochote.